Mikono ni yangu, jina ni la mama mkwe

*Barua ya wiki hii imetoka Chuncheon, Korea Kusini. Tumeifupisha kidogo na kuondoa majina ya watu.*

Shikamoo Bi Mshauri,

Nina miaka 36, kwetu Korogwe, na huu ni mwaka wa nane niko Korea Kusini, katika mji wa Chuncheon, mkoa wa Gangwon. Nimeolewa huku. Mume wangu ni wa pili katika watoto watatu, na tuna binti wa miaka sita. Nakuandikia usiku, wenzangu wamelala.

Mama mkwe wangu ana mgahawa wa makguksu, yaani tambi za memil. Memil ni nafaka ya milimani, mbegu zake nyeusi na zina pembe tatu, na unga wake una rangi ya kijivu. Zamani kilikuwa chakula cha maskini wa mkoa huu, kwa sababu memil huota hata kwenye ardhi mbovu na yenye baridi, na kwa miezi miwili mitatu inakuwa tayari. Mgahawa ulianzishwa na mama mkwe wake yeye mwaka 1973, bwawa la Soyanggang lilipokamilika na wageni wakawa wanakuja kulitazama. Una meza tisa na jiko moja. Sisi tunakaa ghorofa ya juu yake.

Mimi nimekulia kwenye unga. Mama yangu aliuza chapati stendi ya Korogwe, mabasi ya Arusha yakisimama tunakimbilia madirishani. Kwa hiyo nilipofika huku nilidhani unga ni unga. Siku ya kwanza niliyougusa wa memil ulinikatikia mikononi kama udongo uliokauka. Ngano huvutika, memil haina ule mnato. Unatia maji ya moto kidogo kidogo, unakanda upesi kwa uzito wa mwili mzima, na ukilala kidogo tu donge linapasuka. Halafu unaliingiza kwenye kinu, mfano wa kile cha tambi za dengu ila kikubwa, kimekaa juu ya sufuria ya maji yanayochemka, na tambi zinashukia humohumo. Dakika moja hivi, ukizidisha zimekuwa uji. Unazitoa, unazisugua kwenye maji baridi mara tatu nne mpaka utelezi uishe, unazikunja fundo moja kwa kila bakuli. Juu unaweka kikolombwezo cha pilipili, tango, mwani uliokaushwa, ufuta na nusu yai. Mteja anajimiminia mwenyewe mchuzi baridi wa dongchimi, yaani figili zilizochachushwa kwenye maji ya chumvi.

Miaka miwili iliyopita kifundo cha mkono wa kulia wa mama mkwe kilianza kumsumbua. Akawa ananiamsha alfajiri, anafunga mlango wa jiko, ananifundisha. Hana daftari wala kipimo. Alikuwa anaukamata mkono wangu anauzamisha kwenye beseni, tunakanda pamoja, halafu ghafla ananisimamisha na kusema, "Hapa." Basi, hilo ndilo somo. Kesho yake tena, "Hapa." Msimu wa mvua wa Julai unga unataka maji machache, Januari unataka mengi na ya moto zaidi, na mimi sasa najua bila kuambiwa.

Tangu Machi mwaka jana kila tambi inayotoka jikoni mle nimeikanda mimi. Anayejua ni mama mkwe, mume wangu na mama mmoja anayetuoshea vyombo. Kuna mzee mmoja huja kila Jumanne. Kwanza anakunywa yale maji ya moto yaliyochemshia tambi, kisha anakula tambi mbili tatu kavu kabla ya kutia chochote. Jumanne moja akamwambia mama mkwe, "Leo mikono yako imerudi ujanani." Mama mkwe akainama, akashukuru. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia nimeshika chujio. Nilifurahi mpaka machozi yakanilengalenga, na papo hapo kitu kikanichoma.

Oktoba wakaja watu wa kipindi kimoja cha televisheni kinachohusu migahawa ya zamani. Nilipotoka na sinia mama mkwe akaniambia kwa upole, "Kaa ndani kidogo." Akafungua bandeji ya mkononi, akaiweka mfukoni, akaingiza mikono kwenye donge nililolikanda mimi. Kipindi kilipotoka walisema ni mkono usiobadilika kwa miongo. Tangu hapo Jumamosi foleni inafika barabarani, watu wanatoka Seoul kwa treni.

Shemeji yangu mkubwa, aliyeko Seoul, naye ameamka. Anataka tuongeze ngano ili donge lisisumbue, tununue mashine ya kukanda, tufungue tawi Seoul na kuweka bango la "vizazi vitatu". Mama mkwe hataki kusikia habari ya ngano. Anasema baada ya Seollal, mwaka mpya wao, mimi na mume wangu tuuchukue mgahawa. Lakini ana sharti: mume wangu akae mbele kwenye hesabu, mimi nibaki jikoni, na nje iendelee kujulikana kwamba tambi ni zake. "Wateja wakijua hawatakuja," ndivyo alivyosema. Kipato changu ni bahasha ya won laki tano kila mwisho wa mwezi, kwa kazi ya saa tisa kwa siku, siku sita kwa wiki.

Mume wangu anasema nivumilie, ndivyo familia za huku zilivyo. Lakini yeye mwenyewe ameitiwa kazi Incheon na hajawajibu. Mama yangu nilipompigia aliniuliza neno moja tu: "Nilikufundisha kukanda ili ujifiche?" Sijaweza kumjibu mpaka leo.

Usidhani mama mkwe ni mbaya. Nilipojifungua alinipikia supu ya mwani kwa wiki tatu, asubuhi, mchana na jioni. Amejifunza kusema "pole" na hulitumia mahali pake. Juzi tulipokuwa tunasafisha stoo tulikuta kile kinu cha zamani cha mbao cha marehemu mkwe wake. Akakipigapiga kama mtu anayembembeleza mnyama, akasema, "Miaka kumi na moja nilikaa nyuma ya hiki," akaendelea kufagia. Hajawahi kunisifu hata mara moja, ila siku hizi hasemi tena "Hapa."

Mwilini niko salama, isipokuwa siku za unga mwingi macho yananiwasha na kifua kinanibana kidogo, lakini hilo si kubwa.

Nikubali kuishi nyuma ya pazia? Nilitoboe siku ya Seollal mbele ya wote? Au nimwambie mume wangu twende zetu Incheon? Nisaidie, Bi Mshauri, maana nikikaa kimya najiona mwizi wa jina langu mwenyewe.

Mama Binti, Chuncheon

Jibu

Marahaba, Mama Binti.

Nianze na lile ulilosema si kubwa. Kubanwa kifua na kuwashwa macho siku za unga mwingi ni jambo kubwa. Memil ni miongoni mwa vyakula vinavyojulikana kuleta mzio mkali, na vumbi la unga wake limeshawapa pumu watu wanaofanya kazi ya tambi. Nenda hospitali wiki hii, mwambie daktari unashinda kwenye unga wa memil, upimwe. Sikutishi. Inawezekana ni baridi ya Gangwon tu. Lakini mazungumzo yote mengine tutakayofanya hapa yanasimama juu ya kifua chako, na hupaswi kupokea mgahawa wa tambi kabla hujajua kama mwili wako utakubali kuupokea. Mpaka hapo, vaa barakoa unapochekecha.

Sasa turudi kwenye barua. Ulivyoieleza, mkono ni wako na jina ni la mwingine, na sasa unaombwa ulikubali hilo liwe la kudumu. Juu yake umewekewa bahasha ya laki tano, mume asiyesema lake, shemeji mwenye mipango, na mama aliyekuuliza swali ambalo hata mimi limenikaa kooni. Unaumia, na una haki ya kuumia. Mtu akisifiwa kwa kazi yako huku wewe umesimama nyuma ya pazia na chujio mkononi, hakuna mila itakayoifanya hiyo iwe sukari.

Ila nataka tulitazame pamoja lile neno "Kaa ndani kidogo."

Wewe umelisikia kwamba unafichwa kwa sababu ya ulivyo, mwanamke mweusi kutoka Afrika. Sitakuambia kwamba hilo halimo. Mama mkwe wako amesema waziwazi kwamba wateja wakijua hawatakuja, na anawajua wateja wake kuliko mimi. Lakini umeandika kitu kingine, ukakipita haraka: alifungua bandeji akaitia mfukoni. Siku ile mama mkwe wako alificha vitu viwili, wewe na kifundo chake. Mwanamke aliyekanda maisha yake yote, mkono umemkataa, na kamera imesimama mbele yake. Huenda aliyekuwa akimwonea aibu zaidi hakuwa wewe. Aibu ya kuzeeka na aibu ya mkwe mgeni zinaweza kukaa kifuani mwa mtu mmoja siku moja, na mwenyewe asijue ipi ndiyo iliyomsukuma kusema. Sikwambii haya umsamehe. Nakwambia kwa sababu dawa ya aibu ya kwanza si dawa ya aibu ya pili, na wewe ndiye uliye naye jiko moja, unayeweza kutambua.

Nikusimulie kisa cha kwetu Pangani. Kulikuwa na bibi mpishi wa shughuli, harusi haikuwa harusi bila pilau lake. Miaka yake ya mwisho alikuwa anakaa kwenye kigoda anaelekeza kwa fimbo, na anayepika, tangu kukaanga vitunguu mpaka kupalia makaa juu ya kifuniko, alikuwa binti mmoja aliyemlea. Watu wote walisema pilau la bibi, na yule binti hakusema neno. Bibi alipofariki, binti akapika shughuli ya kwanza peke yake, mkono uleule, sufuria ileile. Watu walikula, wakatikisa vichwa: pilau limeondoka na mwenyewe. Nilikuwepo, na mimi pia nilisema hivyo, Mungu anisamehe. Ulimi wangu ulikuwa umeshaambiwa cha kuonja.

Nimekuwa nikimfikiria yule binti tangu nilipofungua barua yako. Mama mkwe wako anaamini kimya kinalinda mgahawa. Pengine kweli, kwa mwaka huu na ujao. Lakini ana zaidi ya miaka sabini au karibu na hapo, nakisia, na siku jina lake litakapoondoka, wateja wataonja nini? Kama hawajawahi kuambiwa, kwa kinywa chake mwenyewe, kwamba mkono umeshapokelewa, watasema makguksu ya pale yameharibika, nawe utakuwa unakanda donge lilelile. Hilo ni jambo mnaloweza kulizungumza mkiwa upande mmoja, kwa sababu analolihofia yeye na linalokuumiza wewe hapo yanakutana.

Na kuhusu wateja kumkataa mgeni, nina neno dogo. Tambi baridi za Pyongyang, ndugu wa hizo zenu, zilienea Korea Kusini kwa mikono ya watu waliokimbia vita vya 1950 hadi 1953, wakafika kusini hawana kitu isipokuwa kujua kukanda. Leo Wakorea husimama foleni kwenye milango yao. Ni kweli wale walikuwa Wakorea na wewe ni Msambaa au Mzigua, sijui, tofauti ni kubwa. Lakini ulimi wa mlaji hujifunza.

Tuje kwenye njia ulizozitaja.

Kulitoboa siku ya Seollal mbele ya wote: naelewa raha yake, hata mimi nimeionja nilipokuwa nasoma. Lakini itazame meza ile vizuri. Umri unahesabika huko kama unavyohesabika kwetu, na mama mzima kuumbuliwa na mkwewe mbele ya wanawe na wajukuu, siku ya kuwaenzi mababu, ni jeraha linaloweza kukaa miaka. Kisha kuna shemeji yako. Siku atakaposikia kwamba mama hakandi tena, jibu lake liko tayari: basi kuna haja gani ya kukataa mashine? Unaweza kulidai jina lako ukampa yeye silaha. Ila na kimya nacho kinampa silaha, angalia. Anapendekeza mashine na ngano kwa urahisi kwa sababu hajui kuna mkono mwingine unaoweza. Kwa akili yake, mama akichoka ndiyo mwisho. Kwa hiyo jambo la nani aambiwe, lini, na nani amwambie, lina uzito kuliko kusema au kutosema. Shemeji kuambiwa na mama yake kabla ya Seollal, wakiwa wawili, si sawa na kuambiwa na wewe mezani.

Kukubali: hapa nitakaa zaidi, maana umeliandika kama jambo la moyo tu na lina karatasi ndani yake. "Chukueni mgahawa" maana yake nini? Leseni ya biashara itabadilishwa jina? Litakuwa la mume wako, lako, au lenu wote wawili? Jengo ni la nani? Kwa sheria ya Korea watoto hurithi sawa kwa sawa, na mkwe harithi wakati mume wake yuko hai. Tena hata mzazi akitoa mali yake kwa mtoto mmoja, watoto wengine wana fungu ambalo sheria inawalindia. Kwa hiyo neno la mdomo la mama mkwe, hata likiwa la dhati, siku ya siku linaweza kukuta watu watatu wenye haki mezani na wewe usiwemo. Kuna msaada wa sheria wa serikali kwa namba 132, na kwa familia kama zenu kuna simu ya Danuri, 1577-1366, ambako Kiingereza kinazungumzwa. Kuuliza si kushtaki. Kuna watu huona haya kuuliza habari za karatasi wakati wazee wako hai, wakaja kuuliza mahakamani.

Na bahasha. Saa tisa kwa siku sita ni saa 54 kwa wiki. Kwa kima cha chini cha mwaka 2025, won 10,030 kwa saa, wiki yako moja ingekuwa zaidi ya won 541,000. Mwezi wako mzima haufiki hapo. Najua utaniambia mnakula pamoja, mnalala pamoja, mama mkwe anamlea binti yako unapokanda, na yote hayo ni mali. Sikatai. Lakini ulipoandika kwamba unajiona mwizi wa jina lako, nilijiuliza kama jina ndilo lote linalokosekana. Wakati mwingine mtu hudai sifa kwa sababu anaona haya kudai fedha. Mshahara wenye hesabu, au fungu la faida lililoandikwa, pengine ungekipunguza kile kinachokuchoma. Pengine usingegusa kitu. Jaribu kuliwazia moyoni: kama bahasha ingekuwa won milioni mbili na nusu na pazia likabaki palepale, ungelala usingizi?

Incheon: huko utapata hewa isiyo na unga, mume mwenye mshahara wake, na umbali. Hayo si madogo, hasa kama hospitali itakupa habari mbaya ya kifua. Lakini jiulize kama unaitaka Incheon au unataka tu kutoka nyuma ya pazia, kwa sababu mkiondoka, kesho yake alfajiri mama mkwe ataingia jikoni peke yake na kifundo kile. Wewe unamjua. Atakanda. Nawe utakuwa mbali na kitu ambacho, barua nzima inasema, unakipenda. Mtu asiyependa hawezi kuandika habari za unga wa Julai na wa Januari kama ulivyoandika.

Tena Incheon mtakwenda na mume yuleyule. Huyu ndiye aliyenitia wasiwasi kuliko mama yake, nikwambie kweli. Anakwambia uvumilie, wakati yeye ana barua ya kazi mfukoni hajaijibu. Huenda anaogopa kumwambia mama yake kwamba yeye mwenyewe hautaki mgahawa. Huenda anangoja wewe ukatae ili lawama iwe yako. Huenda pia anaona haya kukaa mbele kwenye hesabu kama mwenye nyumba wakati anajua nani anakanda. Sijui, na kwa barua yako naona na wewe hujui. Kabla ya kumkabili mama mkwe, kaa na mumeo, si jikoni wala kitandani, tokeni mtembee pembeni ya ziwa, umuulize yeye anataka nini. Usianze na malalamiko yako, anza na lake. Kisha mwambie maneno ya mzee wa Jumanne, na ulichohisi. Barua yako haikusema kama umeshawahi kumwambia.

Na kati ya pazia na mkutano wa hadhara kuna nafasi pana ambayo hujaitaja. Mama mkwe anaweza kumleta mzee wa Jumanne mpaka mlangoni mwa jiko akamwambia, "Huyu mkwe wangu ndiye anayenisaidia." Kusaidia si neno lako, najua, lakini ni mlango. Unaweza kuanza kuipeleka wewe ile birika ya maji ya moto mezani. Picha yako na yake, mikono yenu minne kwenye beseni moja, inaweza kutundikwa ukutani bila tangazo lolote, na atakayeuliza ajibiwe. Njia hii ni ya polepole na ina hatari yake: "kidogo kidogo" ya wazee inaweza kuchukua miaka yako yote. Ukiichagua, jiwekee moyoni muda ambao ukifika utauliza tena.

Sasa lile nililolishika tangu mwanzo. Mama mkwe wako alikipigapiga kinu cha marehemu mkwe wake, akasema, "Miaka kumi na moja nilikaa nyuma ya hiki." Wewe umeliandika kama kisa cha kusafisha stoo. Mimi kalamu ilinidondoka. Mgahawa ulianzishwa na mkwe wake. Yeye naye aliingia nyumba ile akiwa bibi harusi. Tambi za miaka ile zilikuwa zikiitwa za nani? Na aliyekuwa anakanda ni nani?

Inawezekana nimekosea, huenda alikuwa anazungumzia uchovu tu, kama ulivyodhani. Lakini kama sijakosea, basi anachokuomba ndicho alichofanyiwa yeye, na kwa macho yake huenda si dharau hata kidogo. Huenda ndiyo njia pekee anayoijua ya kumpokeza mtu mkono: kwanza unakaa nyuma, mpaka siku moja. Hilo halikufungi wewe kukubali. Mtu kutendewa jambo si ruhusa ya kulitenda. Ila lina maana moja kubwa kwako, kwamba yeye analijua pazia lile kwa ndani, na anajua lilifunguliwaje. Wewe bado hujaambiwa.

Sasa ni Novemba, mtakuwa mnakaribia kutia figili za dongchimi za majira ya baridi. Siku hiyo mtakaa wawili chini, figili katikati, chumvi kwenye beseni, mikono ikiwa na kazi na macho hayalazimiki kukutana. Muulize. Usimuulize kwa nini unanificha. Muulize habari za ile miaka kumi na moja. Ilikuwaje nyuma ya kinu, alikuwa anasikia nini kutoka mezani, na ilikuwa lini wateja walipoanza kusema ni tambi zake yeye. Nani aliwaambia? Halafu nyamaza, endelea na figili, mwache atafute.

Niandikie atakachokujibu, na alichosema daktari. Mama yako wa Korogwe mwambie bado unalitafuta jibu lake, na kwamba unakanda vizuri.